Upande wa Ndani wa Koti

Mwanamke huyu watu walimwita Mama Vifungo, na tusidanganyane, si jina la kujivunia. Alilipata kwa sababu ya tabia yake ya kuweka vifungo mdomoni akiwa anashona. Viwili shavu hili, viwili shavu lile, sindano mkononi, kichwa kimeinama. Mteja akimuuliza jambo anajibiwa "mmh." Akiuliza tena anapewa "mmh" nyingine, yenye maana tofauti na ile ya kwanza, na kazi ni yake kuitambua. Miaka ishirini na mbili alijibu watu hivyo, na wengi wakamsifu kwa upole. Upole wapi! Alikuwa amechoka tu, na vifungo vilimpa ruhusa ya kunyamaza.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Cherehani ya mumewe, ile ya kupiga kwa miguu, ilikaa dirishani penye mwanga. Yeye alikuwa na kiti na kikapu, maana kazi yake ilikuwa ya mkono: vifungo, pindo, na kufuma matundu. Kwenye kufuma matundu, haki ya Mungu, hakuwa na mpinzani. Mletee suruali iliyotobolewa na msumari, atachomoa nyuzi kwenye upindo wa suruali hiyohiyo, azisuke moja juu moja chini mpaka tundu lizibike, kisha apitishe pasi. Mwenye suruali atavaa miwani, ataipeleka juani, hataona kitu. Ukitaka kujua palitoboka wapi sharti uigeuze ndani nje. Kule ndani nyuzi zimevimba kama kovu, hazifichiki.

Mumewe aliitwa Fundi, basi, kana kwamba mji mzima haukuwa na fundi mwingine. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtaratibu. Halewi. Hapigi. Analala nyumbani kwake. Mwanamke mwenye mume wa namna hiyo akienda kulalamika kwa wenzake atachekwa, na Mama Vifungo alilijua hilo, kwa hiyo hakwenda. Jambo la Fundi lilikuwa moja tu. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akavua shati, akavaa koti kuukuu la kahawia lililoning'inia kwenye msumari uani, akavuta bangi yake. Koti lilikuwa la kazi hiyo tu, ili moshi usishike nguo za watu. Akimaliza alilirudisha kwenye msumari, akanawa mikono kwa sabuni, akarudi kukaa na macho mekundu na kushona mshono ulionyooka kama aliutilia rula.

"Ni dawa ya mkono," alisema.

Na sigara je? Weee! Sigara aliichukia. Mteja akiingia nayo alifukuzwa: "Toa moshi wako nje, bwana, utaninukishia nguo za watu!" Miaka ya mwanzo Mama Vifungo aliinamia kikapu akicheka mpaka vifungo vikakaribia kumpalia. Baadaye kicheko kiliisha, hata hakumbuki kiliisha lini.

Sasa, bangi ina mbegu. Mbegu ikibaki kwenye msokoto inapasuka, na cheche inaruka hadi kifuani. Kwa hiyo koti la uani lilitoboka kila baada ya siku kadhaa, tundu dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Jumamosi Mama Vifungo alilifua, na likikauka aliliziba. Mtu atauliza, koti la kuvutia bangi, linalokaa uani, unaliziba la nini? Pengine ni kwa sababu wifi yake, dada wa Fundi, alikuwa na mazoea ya kupita uani kunawa mikono, na wifi huyo ana macho. Pengine ni kwa sababu sheria nayo ipo. Lakini zaidi ni kwamba mkono wake haukuweza kuliona tundu ukaliacha.

Kifua ndicho kilichoanza. Fundi alikuwa na namna yake ya kuvuta: anavuta kwa kina, kisha anauzuia moshi ndani mpaka mishipa ya shingo inasimama. "Ukiutoa haraka umepoteza," alieleza. Asubuhi alikohoa kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu, akatema, akakohoa tena. Wakasema ni vumbi la vitambaa. Fundi gani wa nguo asiye na kikohozi? Wakakubaliana hivyo, mume na mke, bila kikao. Kisha akawa hawezi kulibeba jora la kitambaa kutoka dukani kwa muuzaji bila kulitua njiani mara mbili. Wakasema ni umri. Alikuwa na miaka arobaini na sita!

Halafu ikaja miguu. Toka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa dakika kumi, na Fundi akaanza kuutembea kwa nusu saa. Shavu la mguu wa kushoto lilimkaza ghafla, kama limeshikwa na koleo, ikambidi asimame mpaka liachie. Kusema kuwa mguu unauma alikuwa hasemi. Alisimama akajifanya anatazama kitu. Pale penye duka la viatu alisimama kila siku, akivikazia macho viatu vya kike vyenye visigino virefu, hadi muuza viatu akamwambia Mama Vifungo, "Mama, mnunulie basi mzee, naona amevipenda."

Alicheka, kwa kuwa ilibidi. Usiku ule mguu wa Fundi ulipomgusa kitandani ulikuwa wa baridi kama umetoka mtungini.

Ilikuwa majira ya mvua, asubuhi yenye ubaridi, ndipo mambo yalipoharibika. Fundi alikuwa anashona suruali ya harusi, kitambaa ghali. Kando ya cherehani pasi ya mkaa ilikuwa imewashwa, imekaa sakafuni juu ya tofali. Vidole vya mguu vilikuwa vimekufa ganzi, akavua kiatu, akausogeza mguu karibu na pasi upate joto, akaendelea kukanyaga kwa mguu mmoja. Mama Vifungo alisikia harufu ya kuungua. Akatema vifungo vyote.

"Fundi! Nguo ya mteja inaungua!"

Wote wawili wakairukia suruali. Wakaikunjua, wakaikagua mbele, nyuma, mifukoni, kwenye mkanda. Nzima. Wakakagua shati lililokuwa mezani. Zima. Wakavuta kitambaa kimoja kimoja kutoka rafuni, na harufu inazidi, Fundi naye amesimama palepale, mguu wake umeegemea ubavu wa pasi. Mkewe ndiye aliyetazama chini akaona soksi inatoa moshi.

Hebu fikiria. Mtu anaungua mguu wake mwenyewe, na anatafuta tundu kwenye suruali ya watu.

Kidonda kile hakikupona. Zahanati ya kwanza waliwapa dawa ya kupaka. Wifi akaja, akakitazama, akatangaza kwamba hiyo ni sukari, tena kosa ni lako wewe wifi yangu na chai yako ile ya sukari tele. Wakapima sukari: haipo. Wakapima mara ya pili kumridhisha wifi: haipo. Kila walikokwenda waliulizwa kama mgonjwa anavuta sigara, na Fundi alijibu kwa kujiamini kabisa, "Sigara? Sijawahi kuitia mdomoni." Macho yakamgeukia mkewe. "Havuti," akasema Mama Vifungo. Na ni kweli, sigara alikuwa havuti.

Mwisho walifika hospitali kubwa, ghorofa ya pili. Fundi alipanda ngazi akisimama mara tatu, na safari hii hapakuwa na viatu vya kutazama, ukuta tu. Daktari alikuwa msichana mdogo, umri wa binti yao aliyeolewa mbali. Alisikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha aliweka vidole viwili juu ya unyayo wa Fundi, akatulia, akavihamisha, akatulia tena.

"Damu haifiki huku, baba. Mishipa imesinyaa. Vidole viwili hivi vimeshakufa, vitatolewa Alhamisi." Alisema taratibu, bila kuzunguka. "Ninachoogopa ni sehemu ya mguu itakayobaki. Nisipojua kinachoibana hii mishipa, tutakata vidole wiki hii, unyayo baada ya miezi, kisha chini ya goti. Huna sukari. Presha yako nzuri. Sigara huvuti?"

"Sigara sijawahi, daktari."

"Mama?"

Mama Vifungo alisema, "Mmh." Hakuwa na kifungo hata kimoja mdomoni.

Walirudi nyumbani. Siku ile na iliyofuata hakushona kitu cha maana. Alimtazama mumewe akikanyaga cherehani kwa mguu wa kulia, wa kushoto umefungwa bandeji, na saa nne ilipofika akamwona anachechemea kwenda uani. Saa kumi tena. Chini ya goti. Maneno hayo yalikaa kichwani mwake kama mgeni asiyeaga. Lakini kumwambia daktari, mume mwenyewe amekaa pale, kwamba mume wangu ni mvuta bangi? Alijua kabisa ulimi wake. Usingefanya kazi. Basi akaamua: nitalipeleka koti. Daktari atanusa, ataona, ataelewa mwenyewe, na mimi sitakuwa nimesema neno.

Jumatano mchana akalitoa kwenye msumari. Akalifua. Akaziba matundu mawili mapya. Akalipiga pasi, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko wa kubebea. Jamani, mkono wa mazoea! Hata hakuwaza. Nguo inakwenda hospitali, itakwendaje chafu?

Alhamisi daktari alipouliza tena maswali yake, Mama Vifungo akalitoa koti akaliweka mezani. Fundi akaganda.

"Nusa, daktari."

Daktari akainama, akanusa. "Sabuni?"

"Tazama pale kifuani."

Akatazama. Akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kiganja. "Mimi naona koti zima, mama. Limetunzwa hasa. Ulitaka nione nini?"

Mama Vifungo alihisi machozi yanampanda. Amefuta kila kitu. Ushahidi wote ameuosha na kuufuma kwa mikono yake mwenyewe, vizuri mno, kama alivyofanya miaka yote. Alitamani kulichukua koti lake aseme samahani daktari, tuendelee. Badala yake alilishika mabega, akaligeuza ndani nje, akalitandaza.

Upande wa ndani, kifua chote kilikuwa makovu. Vifundo vya nyuzi kimoja juu ya kingine, kuanzia kola hadi mfukoni, mahali pengine pamefumwa juu ya palipofumwa. Daktari alianza kuhesabu kwa kidole, akafika arobaini, akaacha.

"Hii ni nini?"

"Mbegu za bangi," akasema. "Zikipasuka zinaruka. Kila tundu nimeliziba mimi. Asubuhi msokoto, jioni msokoto, miaka ishirini na mbili. Na hili ni koti la tatu."

Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Umenivua nguo mbele ya mtoto," akasema.

"Nimekuvua koti tu, Fundi."

Daktari hakucheka wala hakugomba. Alivuta kiti akakaa karibu yao. Akauliza kama kuna tumbaku ndani ya msokoto, Fundi akakiri kwamba huchanganya kidogo ili ushike moto. Akauliza kama baada ya kuvuta moyo humwenda mbio. Ndiyo, humwenda mbio. Akawaambia yeye si polisi na hilo lisiwasumbue.

"Baba, wataalamu bado wanabishana kama kinachobana mishipa namna hii ni bangi yenyewe au ni tumbaku iliyomo. Wabishane. Mguu wako hauna muda wa kuwasubiri. Moshi unaumiza kifua, na ninavyousoma huu mguu, moshi huohuo ndio unaoumaliza. Ukiacha kabisa, naamini tunaweza kubaki na unyayo. Ukipunguza tu, siahidi kitu. Wiki sita zitatuonyesha."

Vidole viwili vikatolewa.

Siku tisa Fundi hakumsemesha mkewe. Wala si kununa tu, bangi nayo ilikuwa inamdai. Alitokwa na jasho, hakulala, chakula akakisukuma pembeni, akamfokea mteja kwa sababu ya kola. Kikohozi badala ya kupungua kikaongezeka, akatoa makohozi meusimeusi ambayo Mama Vifungo aliyamwaga asubuhi bila kuyaangalia mara mbili. Maji ya kidonda, bandeji, kazi za wateja zilizochelewa, na wifi anakuja kila siku kusema ati koti lilipaswa kuchomwa moto zamani, kana kwamba alikuwa analijua. Kuna jioni Mama Vifungo alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akashindwa kukumbuka kama alikuwa anavaa au anavua.

Na cherehani inataka miguu, na Fundi alikuwa amekatazwa kukanyaga. Ikabidi asogeze kiti chake kando ya mumewe, akanyage yeye, Fundi aongoze kitambaa kwa mikono. Watu wasiosemezana, cherehani moja. Hapo wakalazimika. "Twende," Fundi akisema, anakanyaga. "Simama," anasimama. "Polepole, kona hiyo." Siku nzima hawakuwa na maneno mengine. Siku ya kumi, katikati ya mshono, Fundi akasema, "Unakanyaga kama mtu anayefukuzwa," akajibiwa, "Nimejifunza leo, wewe umeanza mwaka gani?" na kutoka hapo nyumba ikapata sauti tena.

Koti lilirudi kwenye msumari wake. Mama Vifungo alilirudisha mwenyewe, kwa sababu hakutaka kuficha kitu kingine tena. Wiki ya kwanza likabaki zima. Ya pili zima. Ya tatu, ya nne. Kidonda kilianza kufunga kwa pembeni, kikageuka kuwa chekundu kama nyama hai. Wiki ya tano, Jumatatu, alilikung'uta koti akaona tundu juu ya mfuko. Dogo, jipya, kingo nyeusi.

Alikaa kwenye jiwe la kufulia. Kabla hajawaza lolote, vidole vyake vilikuwa vimeshachomoa uzi kwenye upindo wa ndani na sindano imeshatoka kwenye kola ya gauni lake. Akaiona ile sindano mkononi mwake. Akasikia hasira ambayo hakujua kuwa anayo. Alitaka kupiga kelele majirani waje. Alitaka kufunga mizigo yake aende kwa binti yake, akae kwenye mkeka, mtu mwingine amletee maji. Zaidi ya yote alitaka kulala.

Hakuliziba. Alilipeleka koti mbele dukani, akalitundika kwenye kulabu ya nguo zilizokamilika, tundu likitazama mlangoni. Fundi akainua macho.

"Hujaliziba."

"Mmh."

"Watu wataliona."

"Waone."

Likakaa pale mpaka Ijumaa. Wateja waliliona, mmoja akauliza bei. Fundi alishona siku hizo nne bila kutazama upande ule, wala hakwenda uani.

Ijumaa ilikuwa siku ya bandeji. Ngazi walizipanda wakisimama mara mbili. Daktari alifungua kidonda, akauliza kama kila wiki, "Haya, wiki imeendaje?" Akamtazama Mama Vifungo, kwa kuwa wote walikuwa wamezoea kumtazama yeye. Naye, kwa mazoea yaleyale, akafungua mdomo, "Hajavu..."

Fundi akamwekea mkono juu ya goti.

"Acha niseme mwenyewe. Nimevuta, daktari. Jumapili. Mmoja, uani. Mke wangu hakuwepo."

Daktari aliweka vidole juu ya unyayo, akatafuta, akapata, akaonyesha kwa kichwa kwamba amepata. "Upande huu umefunga. Huu bado mgumu. Mguu ungali wako, baba, lakini hauna nafasi ya Jumapili nyingine." Akaandika. "Tunaanza kuhesabu wiki sita upya, leo."

"Leo," akasema Fundi.

Wakatoka kusubiri dawa kwenye benchi la nje, watu wengi, dirisha moja. Mama Vifungo akaegemeza kichwa ukutani, afumbe macho kidogo tu. Usingizi ukamchukua palepale, mchana kweupe, mdomo wazi, mkoba unateleza mapajani. Namba yao ilipoitwa Fundi akauokota mkoba, akajikongoja kwa fimbo hadi dirishani, akachukua dawa, akarudi, akaketi bila kumgusa.

Mzee aliyekaa jirani akamwinamia. "Pole sana, ndugu yangu. Mama anaumwa nini?"

Mama Vifungo alilisikia jibu kutoka mbali, kama mtu anasema kwenye chumba cha pili.

"Mgonjwa ni mimi," alisema Fundi. "Yeye amechoka. Nimemchosha mimi."

Hakufumbua macho. Alilala tena, na dirisha la dawa lilipofungwa Fundi alikuwa bado amekaa pale na mkoba wake mapajani, anamsubiri aamke.